Mashine Tatu na Tuta Moja

Wewe uliyelishika daftari hili, kama bado hujasoma, lifunge. Kama umeshaanza, nakuomba kwa heshima zote, utakalolikuta humu liishie kwako. Usimsimulie mwenzako kwa kicheko, wala usimnong'oneze kwa huruma. Mimi ni karani wa daraja la chini kabisa katika ofisi inayotunza bwawa la maji. Nina miezi saba kazini, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na neno moja la humu likimfikia Mkuu wangu, kibarua changu kimeota nyasi. 

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu ameniita asubuhi. Nilipoingia nilikuwa nimeshayahesabu makosa yangu yote ya wiki iliyopita, nikapata matatu. Kumbe si hilo.

Mvua za kwanza zimeanza na nyasi za tuta la bwawa zimefika magotini. Sheria inataka zisizidi kifundo cha mguu, ili maji yakichuruzika mahali kwenye tuta yaonekane mapema, kabla tundu la sindano halijawa tundu la ngumi. Wafyekaji wetu ni kumi na wawili, wote wanatumia mafyekeo ya mkono, na kila msimu nyasi zinawashinda. Sasa makao makuu wamekubali tununue mashine sita za kufyekea. Wauzaji watatu wameleta mashine moja moja ya majaribio.

"Wewe umesoma," Mkuu akasema bila kuinua macho. "Chagua moja. Fomu hii hapa. Naitaka Ijumaa saa nne."

Fomu ina visanduku vinane vya kuweka alama ya vema. Nimeisoma mara tano.

Nimemweleza Shangazi jioni akiwa anachambua mboga mlangoni. Shangazi ni mmoja wa wale kumi na wawili. Ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, na ada zangu zote zimetoka kwenye mpini wa fyekeo lake. Akacheka mpaka akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo mwanangu ndiye atakayenichagulia mzigo?"

"Siyo mimi, Shangazi. Ni fomu."

"Fomu haina mgongo. Chagua vizuri, mama. Ndiyo nitakayoibeba."

Jumanne, 5 Machi

Nimeshinda stoo. Mtunza stoo anazipenda mashine kuliko watu na anazungumza nazo.

Nyekundu ni nyepesi, haina kisu, inakata kwa uzi wa plastiki. Nyasi laini inaziweza. Tulipoijaribu kwenye kijiti cha unene wa kidole, uzi ukakatika.

"Hii ni ya kunyolea bustani ya bibi harusi," akasema Mtunza stoo.

Manjano ina kisu cha wastani na mikanda miwili ya mabegani kama begi la shule. Kitufe cha kuzimia kiko kwenye mshikio, chini ya kidole gumba. Ni ya polepole, lakini tuliiwasha na kuizima mara tisa ikiwa ya moto, na mara zote iliitika kwa mvuto mmoja wa kamba.

Kijani ndiyo kubwa. Inang'aa, ina kisu cha meno matatu, na ikinguruma mabati ya stoo yanaitikia. Ina mkanda mmoja tu wa begani. Waya wa mafuta, ule unaopandisha na kushusha kasi ya injini, unapita nje ya bomba refu linaloshika kisu, wazi. Kitufe cha kuzimia kiko nyuma, kwenye injini yenyewe, na nilijaribu kukifikia nikiwa nimeivaa, nikajikunja kama anayejikuna mgongo. Ikipata moto haitaki kuwaka tena mpaka ipoe.

Nimeandika yote kwenye karatasi ya pembeni. Moyoni nimeshachagua manjano.

Jumatano, 6 Machi

Tumezijaribu kwenye uwanja wa mbele ya ofisi, ambako nyasi ni fupi na pamesawazika kama meza. Wafanyakazi wote wakatoka kuangalia. Msimamizi wa wafyekaji naye akaja. Wenyewe wanamwita Honi kwa sababu ya sauti yake, na nadhani hata mke wake anamwita hivyo.

Nilipobeba manjano mimi mwenyewe, nikiisogeza huku na huku kidogo kidogo, akapaza sauti, "Karani! Unafyeka au unapiga mswaki?"

Watu wakacheka. Simpendi mtu huyu. Ananiona kama kitu kilichodondoka kutoka kwenye kabati la ofisi.

Mkuu akatoka kijani ilipokuwa inanguruma. Akakunja mikono, akatabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Hii ndiyo mashine," akasema. "Sikia sauti yake tu."

Honi akanijia karibu baadaye. "Uwanja siyo tuta, Karani. Kesho zipandishe juu, kwenye mteremko. Nitakupa watu."

Nikamwambia ndiyo, kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri hadi jioni. Hakuna aliyepanda tutani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya jambo.

Saa tatu na nusu nilikuwa na visanduku saba tayari. Cha sita kilikuwa kitupu. Kinasema: *Imejaribiwa kwenye mteremko kwa saa mbili au zaidi.* Nilikuwa nimepanga kumwomba Mkuu aniongezee siku moja. Nilikuwa na sentensi yenyewe, nimeifanyia mazoezi njiani.

Akafungua mlango kabla ya saa nne. Hakuingia. Alisimama pale mlangoni na koti la mvua likidondosha maji, akauliza, "Ni ile ya kijani, sivyo?"

"Ndiyo, Mkuu," nikasema.

Mdomo ndio uliosema. Mimi nilikuwa bado natafuta mahali pa kuanzia.

"Basi maliza. Dereva anaondoka na mfuko wa barua saa nne kamili."

Nikaandika kijani. Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha sita. Nikatia sahihi. Karatasi yangu ya pembeni nimeikunja mara nne na kuificha ndani ya daftari hili.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuna jipya. Nyasi zimepita goti.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mkuu amenisifu mbele ya wenzangu kwa kumaliza kazi kwa wakati. Nikasema asante.

Jumatatu, 18 Machi

Mashine sita za kijani zimefika. Muuzaji amefundisha kwa nusu saa, kisha akatazama mawingu na kuondoka.

Honi alitakiwa kuchagua wafyekaji sita wa kuzibeba. Waliobaki wameambiwa "tutaangalia," na kila mtu ofisini anajua neno hilo lina maana gani. Hakumchagua Shangazi. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda na rejista, nikasikia kila kitu.

"Wewe bega lako la kulia bovu," Honi akamwambia mbele za watu.

"Bega langu limekuambia lini?" Shangazi akamjibu. "Miaka kumi na minne niko kwenye tuta hili. Nimekukuta hata fyekeo hujui kulishika, nikakuonyesha. Leo umepata filimbi shingoni ndiyo nimekuwa mbovu?"

"Dada, mashine hii ni nzito."

"Na njaa je, ni nyepesi?"

Honi akampa mashine ya sita. Usoni alionekana kama mtu aliyelazimishwa kumeza kidonge bila maji. Nilimchukia zaidi. Nilidhani anamdharau kwa sababu ni mwanamke na ana umri.

Jumatano, 20 Machi

Nimefasiri kitabu cha maelekezo, kurasa mbili, nikampelekea Honi. Kimeagiza mtu na mtu waachane hatua kumi na tano. Akawasomea wote kwa sauti yake ile, wakaangua kicheko.

Nieleze kwa nini. Kwenye tuta hili watu wamefyeka kwa mstari tangu lilipojengwa. Bega kwa bega, umbali wa urefu wa mkono, wanasogea pamoja. Ukifyeka hivyo hakuna kipande kinachorukwa, na anayekanyaga mahali palipolowa anapaza sauti, mstari mzima unasimama. Anayekaa peke yake mbali huonekana mvivu anayekwepa macho ya wenzake.

Honi akawapanga hatua kumi na tano kama karatasi ilivyosema. Nilibaki kuangalia nikiwa chini barabarani. Baada ya saa moja walikuwa wamesogeleana. Baada ya saa mbili ulikuwa mstari uleule wa zamani, ila sasa kila mkono una kisu kinachozunguka, na hakuna anayemsikia mwenziwe.

Ijumaa, 22 Machi

Shangazi amelala ubavu wa kushoto siku mbili mfululizo. Nimemuuliza bega. Amesema godoro limebonyea.

Jumatatu, 25 Machi

Mtunza stoo ameniambia mashine zinakula petroli kupita kiasi. Sababu ni kwamba hawazizimi. Zikizimwa zikiwa za moto haziwaki tena, kwa hiyo hata wakipumzika wanaziacha zikinguruma begani.

"Si ulizijaribu wewe?" akaniuliza. "Hukuliona hilo?"

Nikasema nina barua za kupiga mhuri.

Alhamisi, 28 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua ilikatika saa tatu. Jua likatoka kali, na tuta zima lilikuwa linafuka mvuke. Mkuu alinituma nipeleke karatasi ya mahudhurio isainiwe. Nikapanda ngazi za pembeni. Walikuwa katikati ya mteremko, watu sita, mstari. Shangazi alikuwa wa mwisho upande wa maji. Honi, ambaye kazi yake ni kusimama juu na filimbi, alikuwa ameshuka na kusimama kati ya Shangazi na jirani yake, akifyeka kwa fyekeo la mkono kama mtu wa kawaida. Nilijiuliza anatafuta nini pale.

Shangazi alikuwa anakata kichaka kidogo chenye miiba. Nikaona mashine yake imebadilika sauti, imepanda juu kama inayolia. Kijiti kilikuwa kimeukamata ule waya wa mafuta ulio nje, kikauvuta. Aliachia mshikio, sauti haikushuka. Nilimwona akipeleka mkono nyuma kukitafuta kitufe. Mkono umelowa. Mkono wa bega bovu. Nikaujua kila mnyumbuko wa mkono ule, kwa sababu mimi mwenyewe nilijikunja vilevile stoo na nikaandika kwa herufi nzuri kwamba hakifikiki.

Buti zake zikateleza. Akakaa chini kwa kishindo, akaanza kushuka na mteremko, na lile bomba refu likageuka kufuata mwili wake. Nilipiga kelele. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Honi aliligonga bomba kwa mpini wa fyekeo ili kulielekeza chini, likaenda chini, kisu kikapitia kwenye buti lake mwenyewe la mpira na kuingia kwenye muundi, kisha kikajichimbia udongoni na injini ikazimika.

Waliobaki waliendelea kufyeka. Hawakujua. Ilibidi nikimbie kwenye mstari nikipunga ile karatasi ya mahudhurio.

Shangazi ndiye aliyeufunga mguu kwa kilemba chake. Alikuwa anarudia, "Nimekata mtu. Mama yangu, nimekata mtu." Honi alikuwa amejiegemeza kwenye udongo, midomo imekuwa myeupe, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Hujakata mtu, Dada. Umenikata mimi tu."

Wamemshona nyuzi kumi na nne. Mfupa umechubuka, haukuvunjika.

Ijumaa, 29 Machi

Shangazi hakwenda kazini. Anafagia chumba ambacho amekwisha kukifagia.

Jumatatu, 1 Aprili

Mkuu ameandika taarifa ya ajali na kunipa niipige chapa. Nainakili hapa sehemu moja: "Kwa kuwa mashine ilijaribiwa kwenye mteremko kwa muda unaotakiwa na kuthibitishwa kuwa salama (tazama fomu, kisanduku cha 6), ni dhahiri kuwa ajali imetokana na uzembe wa mtumiaji." Mtumiaji ataachishwa kazi mwisho wa wiki, bila kiinua mgongo.

Mtumiaji. Nimelipiga neno hilo mara nne katika ukurasa mmoja. Kila mara vidole vilitaka kuandika Shangazi.

Alama yangu ndogo ya wino ndiyo inayomfukuza.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kumwona Honi wodini. Nilibeba machungwa ili nisiende mikono mitupu. Nilikuwa na hotuba. Hakunipa nafasi.

"Karani, kaa. Machungwa hayo umenunua au umeyajaribu kwenye mteremko?"

Nikakaa. Masikio yakawaka moto.

"Alhamisi ile mvua ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujibanza," akasema. "Nani alipanda tutani? Mimi sikupanda. Watu wangu hawakupanda. Halafu nikaona nakala ya fomu kwa Mtunza stoo, alama imekaa pale, safi, imenyooka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimseme binti wa Dada? Aliyenifundisha kazi?" Akageuza uso kwenye ukuta. "Nilidhani nitaweza kuizuia kwa njia yangu. Nikakataa asipewe. Akanitoa nishai mbele ya watu wote. Basi nikaona nikae karibu naye. Ndiyo hivyo. Nimekaa karibu."

Kumbe alikuwa anamlinda. Na mimi nimejaza kurasa za daftari hili nikimchukia. Sikuweza kumwangalia, nikawa namenya chungwa.

"Mkuu atamwachisha kazi," nikasema.

"Najua. Amekuja hapa nisaini kwamba Dada alizembea. Nikamwambia mkono unauma."

"Ulichojeruhiwa ni mguu."

"Ndivyo alivyosema na yeye." Akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Sikiliza. Mimi sitakutaja. Ukisema utasema wewe, kwa mdomo wako. Ukinyamaza, umenyamaza na Shangazi yako."

Jumatano, 3 Aprili

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Kwamba sikuijaribu mashine ya kijani kwenye mteremko. Kwamba niliziona kasoro zake stoo tarehe 5 Machi: waya, kitufe, mkanda mmoja, kukataa kuwaka. Kwamba nilizificha. Nimebandika ile karatasi ya pembeni iliyokunjwa mara nne.

Mkuu alisoma akiwa amesimama. Nilijiandaa kwa kelele. Ningefurahi angepiga kelele.

Akakaa, akaniambia taratibu, kama baba, "Wewe bado mdogo. Una miaka mingapi? Ishirini na tatu? Hii itakuandama mpaka uzeeni. Niichane. Wewe nenda mezani kwako, na mwezi ujao nakuthibitisha kazini. Shangazi yako tutamtafutia kitu. Kufagia, chochote."

Miezi saba nimekuwa nikimwogopa kama radi. Nikaona vidole vyake vimeibana karatasi pembeni mpaka imekunjamana. Naye alikuwa anaogopa. Aliichagua mashine kwa kusikia ngurumo yake tu.

"Haichaniki, Mkuu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nimeshaigonga mhuri wa kupokelewa. Ina namba kwenye rejista ya barua. Nakala ya makao makuu imeondoka na dereva saa nne."

Sijawahi kufanya jambo la maana kwa mhuri ule kabla ya leo. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Toka," akasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemweleza Shangazi. Nilitaka nimweleze kabla ya barua, nikaogopa atanizuia. Alisikiliza akiwa ameshika ufagio.

"Kwa hiyo kila siku nilipokuwa naibeba, ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ulikuwa unaniuliza bega."

Hakunigombeza. Aliingia ndani akafunga mlango, na mlango ule hatukuwahi kuufunga mchana. Baada ya saa moja akatoka na kunikabidhi bakuli la chakula, bila neno. Bado hajasema neno.

Ijumaa, 5 Aprili

Barua ya kumwachisha kazi Shangazi haikutoka. Yangu imetoka: nimesimamishwa ukarani mpaka kamati ikae.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Shangazi amesema, "Nipe chumvi." Nimempa.

Ijumaa, 12 Aprili

Maagizo ya makao makuu yamefika. Kijani zote sita zifungiwe stoo. Nyekundu na manjano zijaribiwe upya, kwenye tuta, na wafyekaji wenyewe, siku kumi, nyasi zikiwa zimelowa. Kila mtu ajaribu kufikia kitufe kwa mkono uliolowa na ajibu kwa maneno yake, siyo kwa alama. Mwandishi wa majibu hayo awe mimi, bila cheo, kwa malipo ya kibarua, mpaka kamati iamue. Mkuu ameusoma waraka huo ubaoni akatembea moja kwa moja hadi kwenye gari lake.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuvaa manjano. Akapanda nayo, akashuka nayo, akaizima kwa kidole gumba, akaiwasha ya moto. Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Andika," akasema. "Mkanda wa kushoto unakwaruza shingo. Andika hivyohivyo, usinipambie."

Nikaandika hivyohivyo.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku ya pili ya majaribio. Wote sasa wanafyeka kwa kuachana, tumechomeka vigingi, na mwenye kuona pamelowa anainua kitambaa badala ya kuita. Zamu yangu ya kubeba inafika saa tano. Nimeomba mwenyewe. Kamati inakaa wiki ijayo na sijui itasema nini. Naweza nikawa karani, naweza nisiwe.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, ukinihitaji, kwa heri au kwa shari, usiende ofisini, meza yangu ina mtu mwingine. Pita lango la chini, fuata mfereji hadi ngazi za zege, panda hadi kigingi cha nne. Mimi ni yule mfupi mwenye mashine ya manjano. Usiniite, sitasikia. Usije kwa nyuma, hata kama unanifahamu, hata kama una haraka. Zunguka mbele, simama mbali ninapoweza kukuona, inua mikono yote miwili. Nitazima. Ngoja kisu kisimame kabisa, ndipo uje.